Uvimbe kwenye figo: kufunguliwa, matundu, roboti au sindano?

Baba mmoja, fundi seremala, alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya kliniki ya mkojo, bahasha kubwa ya picha ya CT mapajani. Uvimbe wa sentimita 3.8, figo ya kushoto, upande wa chini. Nilipopita akanishika mkono wa koti. "Sista, hivi mimi nikatwe au nitobolewe?"

Binti yake alikuwa ameshamwambia waende India kwa sababu huko kuna roboti. Mdogo wake alishikilia kwamba roboti ni biashara ya watu, afunguliwe kama alivyofunguliwa jirani yao, mbona jirani anatembea. Mke wake alikaa kimya na fomu ya bima mkononi.

Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi na swali hilo nimelisikia kwa namna nyingi. Mimi ni muuguzi, kisu sishiki. Ninachokijua zaidi ni kinachoonekana kitandani baada ya thieta: nani anaamka na maumivu gani, nani anarudi nyumbani lini, na nani anarudi kwetu baada ya mwezi akiwa na shida ambayo hakuambiwa. Hiki ndicho ningemweleza yule baba kama tungepata saa nzima ya kukaa.

Kwanza, ni saratani ipi

Tunaposema "saratani ya figo" mara nyingi tunachanganya magonjwa mawili. La kwanza huanzia kwenye nyama ya figo yenyewe, na ndilo la watu wengi. La pili huanzia kwenye utando wa ndani unaopitisha mkojo, kuanzia bonde la figo, kushuka kwenye mrija, hadi kibofu. Tiba zake hazifanani. Uvimbe wa nyama ya figo unaweza kukatwa peke yake na figo ikabaki. Ule wa utando, ukiwa mkali, unaondoka na figo, mrija wote na kipande cha kibofu pale mrija unapoingilia. Kwa hiyo kabla hujauliza utapasuliwaje, muulize daktari: uvimbe huu umeanzia wapi? Nitauzungumzia kwanza ule wa nyama ya figo, kisha nitarudi kwenye njia ya mkojo, kwa sababu huko mizani inabadilika.

Mambo ya kupimia

Watu wanachanganya maamuzi mawili: kitolewe nini, na kitolewe kwa kupitia wapi. Figo yote au sehemu tu ni uamuzi wa kwanza. Kufungua, matundu au roboti ni uamuzi wa pili, nao unaufuata ule wa kwanza. Mlango unachaguliwa kwa kutazama mzigo. Nimeona familia zikigombana wiki nzima juu ya mlango, na hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya mzigo.

Kila njia hapa chini nitaipima kwa mambo matano. Je, saratani inatoka yote bila kumwagika? Figo inabaki kiasi gani? Mwili unapata taabu gani, yaani damu, maumivu na siku za kulala? Gharama na umbali vikoje? Na mwisho, inamfaa nani?

Hilo la pili nalisimamia kidogo. Madaktari hugawa uvimbe wa figo kwa ukubwa: usiozidi sentimita 4, kati ya 4 na 7, na uliozidi 7. Ule usiozidi 4, na baadhi ya ile ya 4 hadi 7, mara nyingi unaweza kukatwa na figo ikaachwa. Je, kuacha figo ni kubahatisha na saratani? Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotolewa mwaka 2011 uliwagawa kwa kura watu 541 wenye uvimbe usiozidi sentimita 5, wengine wakatolewa figo nzima, wengine sehemu. Waliofariki kwa saratani yenyewe walikuwa wachache sana pande zote mbili. Walioachiwa sehemu walibaki na kazi nzuri zaidi ya figo, ingawa kwa jumla ya miaka ya kuishi hawakuwazidi wenzao. Kwa kijana mwenye figo mbili safi, tofauti hiyo huenda asiihisi kamwe. Kwa mtu mwenye kisukari au presha, na wodini kwetu ndio wengi, figo iliyobaki leo ndiyo itakayomweka mbali na mashine ya kusafisha damu miaka ijayo. Swali la kwanza la yule seremala, mwenye presha ya miaka tisa, lilitakiwa kuwa hili: nitabaki na kiasi gani?

1. Upasuaji wa kufungua

*Inavyofanywa.* Mgonjwa analazwa kwa ubavu, anakatwa chini ya mbavu, wakati mwingine ncha ya ubavu wa mwisho inaondolewa kupata nafasi. Kidonda ni sentimita 15 hadi 20 au zaidi. Au anakatwa mbele, tumboni. Ndiyo njia ya zamani kuliko zote: Gustav Simon wa Heidelberg alitoa figo kwa upasuaji uliopangwa mwaka 1869, na mgonjwa wake akaishi.

*Saratani.* Hakuna njia inayoizidi kwa uvimbe mkubwa na mgumu. Kuna saratani za figo zinazoota na kuingia ndani ya mshipa wa figo, zikapanda mshipa mkuu unaorudisha damu kwenye moyo. Hapo daktari anataka mikono yake miwili ndani, mwanga wa kutosha, na wakati mwingine daktari wa moyo pembeni.

*Figo inayobaki.* Hili watu hawalitegemei: kufungua kunaweza kuokoa figo ambayo matundu yangeitoa. Daktari akikata sehemu ya figo kwa kawaida hubana mshipa wa damu kwa muda, na kila dakika figo inakaa bila damu inaumia. Wengi hujitahidi wasizidi dakika 25 hadi 30. Kwa kufungua, anaweza kuizungushia figo barafu iliyosagwa na kujinunulia muda. Uvimbe uliojichimbia katikati, kwa mtu mwenye figo moja, unaweza kuhitaji barafu hiyo.

*Mwili.* Hapa ndipo inapouma. Kidonda cha ubavuni kinavutwa kila pumzi. Wagonjwa wangu nawafundisha kukunja kanga mara nne, waibane kwenye kidonda kwa kiganja kabla ya kukohoa. Bibi mmoja aliniambia kanga ile ilimsaidia kuliko vidonge. Asiyekohoa kwa kuogopa maumivu hujaa makohozi na kupata nimonia siku ya tatu, ndiyo maana tunawasumbua. Kulala hospitali ni kama siku 5 hadi 7, kazi nzito wiki 6 hadi 8 au zaidi. Wengine ubavu unabaki umevimba kwa sababu neva zimeguswa. Si ngiri, lakini inawasumbua, na ni vizuri kuambiwa mapema. Damu inayopotea ni nyingi zaidi, kwa hiyo ndugu waandaliwe kuchangia.

*Gharama na umbali.* Inapatikana karibu kila hospitali ya rufaa yenye daktari bingwa wa mkojo. Vifaa ni vya kawaida.

*Inamfaa* mwenye uvimbe mkubwa sana, ulioingia mshipani au kushika viungo vya jirani; aliyewahi kupasuliwa tumbo mara kadhaa; mwenye figo moja na uvimbe mgumu; na pia yule ambaye daktari bingwa aliye karibu naye ana mkono mzuri wa kufungua lakini matundu ndiyo kwanza anajifunza.

2. Upasuaji wa matundu

*Inavyofanywa.* Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili lipande kama hema. Yanatobolewa matundu 3 hadi 5 ya milimita 5 hadi 12, kamera inaingia kwa moja, vyuma virefu kwa mengine, na daktari anafanya kazi akitazama skrini. Wa kwanza kutolewa figo hivi alikuwa mama wa miaka 85, huko St. Louis, Marekani, tarehe 25 Juni 1990, mikononi mwa Ralph Clayman na wenzake. Ilichukua karibu saa saba. Figo iliwekwa kwenye mfuko ndani ya tumbo, ikasagwa humo humo, ikatoka kupitia tundu.

Nautaja mfuko ule kwa makusudi. Siku hizi figo yenye saratani kwa kawaida hutolewa nzima, ili maabara ipime ukubwa na kingo zake, na figo nzima haipiti kwenye tundu la milimita 12. Kwa hiyo mwishoni daktari anapanua tundu moja, au anakata kidogo chini ya kitovu, sentimita 5 hadi 8, na kuvuta mfuko. Wagonjwa wengi huamka, wakaona kidonda hicho, wakadhani upasuaji umeharibika. Haujaharibika. Huo ndio mlango wa kutokea, na mfuko ndio unaozuia chembe za saratani zisimwagike njiani.

*Saratani.* Kwa kutoa figo nzima yenye uvimbe uliobaki ndani ya figo, matokeo yanalingana na kufungua, na kwa miaka mingi sasa hii ndiyo njia ya kawaida pale utaalamu ulipo. Ila neno "matundu" peke yake si dhamana. Mwaka 2018 utafiti juu ya saratani nyingine, ya mlango wa kizazi, uliwashtua wengi: baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 86.0 kwa matundu na roboti, na 96.5 kwa kufungua. Figo si mlango wa kizazi, na matokeo hayo hayahamishwi. Yanatufundisha tu kwamba kila saratani inatakiwa ipimwe kivyake.

*Figo inayobaki.* Hapa matundu ya kawaida yana udhaifu wake. Kukata uvimbe na kushona figo kwa vyuma vilivyonyooka, visivyokunja kifundo, huku saa ya dakika 25 ikikimbia, ni kazi ngumu. Wapo mabingwa wanaoiweza vizuri. Ila daktari asiye na mazoea ya kushona hivyo atakuwa na kishawishi cha kutoa figo nzima, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Ukiambiwa "tutatoa figo yote kwa matundu" na uvimbe wako ni mdogo, uliza kwa heshima: je, kwa kufungua, ingewezekana kuiacha?

*Mwili.* Siku ya pili mgonjwa anatembea koridoni na dripu yake. Maumivu ni machache, damu inayopotea ni kidogo, siku za kulala 2 hadi 4, na wengi wanarudi kazi nyepesi baada ya wiki 2 hadi 4. Jambo moja linawatisha: bega linauma. Ni gesi iliyobaki chini ya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, ambacho kinashirikiana neva na bega. Inaisha kwa siku moja mbili. Amka, tembea, na tukikuuliza kama umetoa hewa usione haya. Tunataka kujua utumbo umeamka.

Kuna uwezekano pia wa kuanza kwa matundu na kuishia kufungua, kwa sababu ya damu au makovu ya zamani. Fomu ya idhini inaandika hivyo, nawe uisome. Daktari anayebadilisha njia mapema amekuokoa. Ninayemwogopa ni yule anayeng'ang'ania.

*Gharama na umbali.* Vyuma vingi vinasafishwa na kutumika tena, kwa hiyo gharama haipandi sana. Baadhi ya hospitali kubwa za Dar es Salaam, Moshi, Nairobi na Kampala zina mitambo ya matundu, lakini tundu la kutoa nyongo na tundu la kutoa figo si kazi moja. Usitosheke na jibu la "tunayo mashine".

*Inamfaa* anayetolewa figo nzima kwa uvimbe usiotoka nje ya figo. Anayeishi kwa kazi ya mikono na kila wiki ya kukaa inamla. Mnene, ambaye kidonda kikubwa kinachelewa kupona. Haimfai vizuri mwenye mapafu au moyo dhaifu sana, kwa sababu gesi ile inavisukuma.

3. Roboti

*Inavyofanywa.* Roboti haifanyi upasuaji. Daktari anakaa kwenye meza yake chumba hicho hicho, anatazama picha yenye kina iliyokuzwa hadi mara kumi, na vidole vyake vinaendesha mikono ya mashine iliyoingia kwenye matundu yale yale. Tofauti ni kwamba vyuma hivi vina kifundo kama cha mkono wa mtu. Mashine inayojulikana zaidi, da Vinci, iliruhusiwa Marekani mwaka 2000.

*Saratani.* Kwa kutoa figo nzima, haijaonyeshwa kuwa bora kuliko matundu ya kawaida. Uchambuzi wa wagonjwa 23,753 wa Marekani, uliotolewa mwaka 2017, ulikuta matatizo makubwa yanalingana, ila roboti ilichukua muda mrefu zaidi na iligharimu wastani wa dola 19,530 dhidi ya 16,851. Nikimsikia mtu anauza shamba ili atolewe figo nzima kwa roboti, moyo unaniuma.

*Figo inayobaki.* Hapa ndipo fedha yake inapojibu. Kile kifundo kinashona haraka, kwa hiyo muda wa figo kukaa bila damu unapungua, na madaktari wengi waliokuwa wakitoa figo nzima sasa wanathubutu kukata uvimbe tu. Kwa uvimbe wa ukubwa wa kati, uliokaa pabaya lakini si pabaya mno, faida ni ya kweli.

*Mwili.* Kama matundu. Siku 1 hadi 3.

*Gharama na umbali.* Mashine moja inauzwa zaidi ya dola milioni moja, na vyuma vyake vina idadi ya kutumika kisha vinatupwa. Katika ukanda wetu bado ni chache mno, kwa hiyo kwa wengi roboti ina maana ya India, Afrika Kusini au Ghuba. Ukipiga hesabu usiweke bei ya upasuaji tu. Weka viza, nauli ya wawili, chumba cha kukaa wiki mbili tatu, na picha za ufuatiliaji ambazo utazifanya huku kwa miaka. Nimepokea mgonjwa aliyerudi na mfuko wa dawa na risiti, hana majibu ya maabara ya uvimbe wake. Hatukujua kama kingo zilikuwa safi, yaani kama saratani ilitoka yote. Ilichukua wiki sita za barua pepe kuyapata.

*Inamfaa* anayestahili kuachiwa figo, ambaye uvimbe wake ni mgumu kushona kwa matundu ya kawaida, na ambaye gharama haitamwacha hana ya ufuatiliaji.

4. Sindano ya kugandisha au kuunguza

*Inavyofanywa.* Sindano nyembamba inapita kwenye ngozi ya mgongo, ikiongozwa na CT, hadi katikati ya uvimbe. Kisha inaugandisha kwa baridi kali au inauunguza kwa joto. Hakuna kinachotolewa, isipokuwa kinyama kidogo cha kupima, ambacho ni lazima kichukuliwe.

*Saratani.* Inafanya kazi vizuri kwa uvimbe usiozidi sentimita 3. Uwezekano wa mabaki kuota tena pale pale ni mkubwa kuliko kwa kukata, ingawa sindano inaweza kurudiwa. Uvimbe uliogusana na utumbo, au ulio karibu na mrija wa mkojo, ni hatari kuunguza.

*Figo inayobaki.* Karibu yote.

*Mwili.* Wengine wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Wengine hawahitaji hata nusu kaputi. Ganzi na dawa ya kutuliza vinatosha.

*Gharama na umbali.* Inahitaji daktari wa radiolojia aliyefundishwa kazi hii hasa, na hao ni wachache. Tena picha za kila mara baadaye si hiari.

*Inamfaa* mzee mwenye moyo dhaifu, mwenye figo moja, au mwenye ugonjwa wa kurithi ambaye uvimbe unamwota mara kwa mara.

Na kutofanya kitu kwa sasa?

Nalo ni chaguo, na halina haki ya kuitwa uzembe. Kati ya vivimbe vidogo vya figo, visivyozidi sentimita 4, takriban kimoja kwa kila vitano si saratani kabisa. Vingi vya vile vilivyo saratani hukua milimita chache tu kwa mwaka. Kwa mzee wa miaka 82 mwenye uvimbe wa sentimita 1.7 uliogunduliwa kwa bahati akipimwa jambo jingine, picha baada ya miezi mitatu au sita, kisha kila mwaka, inaweza kuwa tiba bora kuliko zote nne. Sharti ni moja: picha zifanyike kweli. Anayeishi safari ya siku nzima kutoka kwenye CT, asiye na nauli ya kurudi, hili halimfai.

Uvimbe ukiwa kwenye njia ya mkojo

Sasa ule wa utando. Chembe zake zina tabia ya kupandikizika: zikimwagika, zinaota zilipoangukia. Ndiyo maana figo na mrija hutolewa vikiwa vimeungana, njia haifunguliwi ndani ya tumbo, na kipande cha kibofu kinakwenda navyo. Utafiti wa Italia wa mwaka 2009 uliwagawa wagonjwa 80, nusu kufunguliwa, nusu matundu. Kwa jumla hawakutofautiana. Lakini kwa wenye ugonjwa uliopenya ndani au mkali, waliofunguliwa walifanya vizuri zaidi. Ni utafiti mdogo, na bado madaktari wengi wanaukumbuka wanapokutana na uvimbe mkubwa wa aina hii, wakachagua kufungua. Uvimbe mdogo usio mkali unaweza kuchomwa kwa leza kwa kamera inayopanda kupitia njia ya mkojo, bila tundu lolote, na figo ikabaki. Vyovyote vile, kibofu lazima kichunguzwe kwa kamera mara kwa mara baadaye. Kwa takriban robo hadi karibu nusu ya wagonjwa, uvimbe hutokea tena humo.

Kibofu chenyewe kikilazimika kutolewa, utafiti wa vituo 15 vya Marekani, uliotolewa mwaka 2018, ulilinganisha roboti na kufungua: baada ya miaka miwili, waliokuwa bila ugonjwa kusonga mbele walikuwa asilimia 72.3 na 71.6. Damu iliyopotea ilikuwa chache kwa roboti, siku za kulala zikapungua kwa moja tu. Aliye karibu na daktari mzuri wa kufungua hajakosa kitu kikubwa.

Na neno kwa walio pwani, visiwani na kandokando ya Ziwa. Mtu mzima akikojoa damu, jibu la haraka mitaani ni kichocho, anapewa dawa, anaondoka. Kichocho ni kweli, na chenyewe kikikaa muda mrefu kinasababisha saratani ya kibofu. Lakini damu hiyo hiyo inaweza kutoka kwenye figo. Ukishameza dawa na damu ikarudi, au una miaka zaidi ya 40, dai utrasaundi. Wengi tunaowafungua wakiwa na uvimbe wa sentimita 12 walianza kuona damu mwaka mmoja nyuma, wakati huo huenda matundu bado yalikuwa yanawezekana.

Kwa hali yako

Uvimbe hauzidi sentimita 3 na wewe ni mzee au moyo wako hauna nguvu: zungumza kwanza kuhusu kusubiri kwa kufuatilia, kisha sindano, ndipo kisu.

Uvimbe hauzidi sentimita 4 na bado una nguvu zako: lengo ni kuacha figo. Roboti ikiwa karibu na mfuko unaruhusu, vizuri. Isipokuwepo, kati ya bingwa anayeweza kuacha figo kwa kufungua na mwingine anayeweza kuitoa yote tu kwa matundu, mimi ningempeleka mzazi wangu kwa wa kwanza, hasa mzazi akiwa na kisukari au presha.

Uvimbe ni mkubwa, figo lazima iende yote, lakini haujatoka nje: matundu ya kawaida. Usiuze kitu kwa ajili ya roboti.

Umeingia mshipani, umeshika ini au utumbo: kufungua, kwenye hospitali yenye damu ya kutosha na chumba cha wagonjwa mahututi, hata kama ni mbali.

Una figo moja, au zote mbili zina uvimbe: usikubali tarehe ya upasuaji kabla ya kusikia maoni ya daktari wa pili.

Kwa kila hali, muulize daktari bila woga: mwaka uliopita umefanya wangapi kama mimi? Ukishindwa kwa matundu, wewe mwenyewe ndiye utakayefungua? Damu ipo? Uvimbe utapelekwa maabara gani, na majibu nitayapata lini? Daktari mzuri hakasiriki. Wale ninaowaheshimu wanavuta kiti.

Yule seremala alirudi wiki iliyofuata na maswali hayo kwenye karatasi ya hesabu za mbao. Alifunguliwa, akakatwa uvimbe tu, figo ikabaki. Alilala siku sita, akanuna siku ya pili nilipomkohoza na kanga ya mke wake. Randa hakuishika kwa miezi miwili na nusu, na kijana wake ndiye aliyeshika kiwanda. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwenye uvimbe wa sentimita 8, alitolewa figo yote kwa matundu na akamtangulia kwenda nyumbani kwa siku tatu.

Ukija kliniki, beba CD ya picha pamoja na ile karatasi ya majibu. Karatasi inasema uvimbe una sentimita ngapi. CD ndiyo inayomwonyesha daktari umekaa wapi na mishipa inapita upande gani, na bila hiyo atakurudisha upige picha upya kwa gharama yako.